Ng'ombe wa Rumanika

Tafakari ya Jumapili ya Nne ya Majilio
Somo: Luka 2:1–7



Desemba hapa Ihembe, Karagwe, ni mwezi wa kijani. Mvua za vuli zinamalizika, migomba imeshiba maji, na usiku senene wanafuata taa. Kukicha, akina mama na watoto wamezunguka beseni mkekani, wananyonyoa mabawa na miguu. Kisha senene wanaingia sufuriani na chumvi na kitunguu, wanakaangika kwa mafuta yao wenyewe. Harufu ile ikitanda, mtoto wa Karagwe anajua Krismasi imefika.

Kwa familia ya wamisionari iliyotoka Ulaya au Marekani, harufu hiyo bado haina Krismasi ndani yake. Krismasi yao ni theluji, giza linaloingia saa kumi jioni, mishumaa dirishani, na bibi anayewasubiri wajukuu. Hapa jua linazama kama siku zote, na sweta inavaliwa jioni tu, kwa ubaridi wa milima yetu. Baba atatafuta tawi la msonobari, mama atajaribu kuoka keki ya kwao, na mtoto atauliza kwa nini mwaka huu hatumwoni bibi. Tusiwacheke. Mtu kukumbuka kwao siku ya sikukuu si upungufu wa imani.

Mwinjili Luka hataji theluji. Anataja mume na mke waliosafirishwa na amri ya serikali kwenda kuandikishwa, mimba ikiwa imekomaa, na nyumba ya wageni isiyokuwa na nafasi. Mtoto alilazwa penye chakula cha mifugo, na hori lile lilikuwa mali ya mtu mwingine. Mwana wa Mungu, ambaye vyote ni vyake, alianza maisha ya duniani kwa kupokea. Hapo ndipo ningependa tukae juma hili.

Wilaya yetu ina ushuhuda wake wa jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, alikuwa mgeni wa Mukama (mfalme) Rumanika hapa Karagwe, pamoja na mwenzake James Grant. Mapadri Wakatoliki walikuwa hawajafika Kashozi. Walifika mwaka 1892. Misioni ya Kiprotestanti ya Betheli ilikuwa haijaingia Bukoba. Iliingia mwaka 1910. Rumanika hakuwa amebatizwa. Lakini aliposikia kwamba siku ya Krismasi Waingereza hula chakula kizuri kuliko siku nyingine, alimpelekea mgeni wake ng'ombe. Speke mwenyewe aliandika jambo hilo katika kitabu cha safari yake. Siku ile ya Krismasi, mwenye sikukuu alikuwa mgeni, na aliyemwezesha kuila alikuwa mwenyeji.

Sasa tujiangalie sisi. Nyumba ya mmisionari tumeizoea kuwa nyumba ya kutoa. Tunabisha hodi kwa ajili ya dawa, ada ya shule, lifti ya kwenda Kayanga. Krismasi ikikaribia tunangoja tuone watagawa nini. Wao nao wamezoea kutoa, na wengine hawajui kupokea: ukiwapelekea kuku, wanauliza bei ili wakulipe. Pande zote mbili zinapungukiwa. Anayetoa tu hawezi kuwa ndugu, atabaki mfadhili. Na anayepokea tu ananyimwa heshima ya kuwa mwenyeji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tumewapa wamisionari, na wanalima kweli, hospitalini, shuleni na kanisani. Krismasi tuwarudishe kwenye siku ya kwanza, siku ya kuandaliwa.

Na hili si la wageni kutoka Ulaya pekee. Dayosisi yetu ya Karagwe ni mwanachama wa Umoja wa Misioni ya Injili, ambao tangu mwaka 1996 unayaunganisha makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani kama ndugu wa meza moja. Watanzania nao hutumwa kutumika Ujerumani, na watoto wao huikuta Krismasi isiyo na ndizi, isiyo na ngoma, isiyo na majirani wanaoingia bila kualikwa. Tunaposali ili wapate mlango utakaowafungukia kule, tuufungue wa kwetu hapa.

Kwa hiyo, wewe mkristo wa Ihembe, kabla ya mkesha nenda kwa familia ya mgeni iliyo karibu nawe. Iwe ya mmisionari, ya mwalimu aliyehamishiwa hapa, au ya mkimbizi. Beba mkungu wa ndizi, au sahani ya senene, na usiombe kitu siku hiyo. Waite waje wale kwako, watoto wao wale sinia moja na wako.

Nanyi mliotoka mbali, mkiletewa, msiulize bei. Pokeeni kwa mikono miwili, mle, mshukuru. Mnayemhubiri alipokelewa hivyo hivyo.

Krismasi njema, na Mungu awabariki.