Deni la Zubeir Halilipwi na Muuza Mkate

  

Ndugu zangu katika imani, nyinyi mliotoka Malakia, Kator, Munuki na Konyokonyo, nyinyi mliofuata riziki hapa Juba kutoka Arua, Bombo, Mombasa na Bukavu, na mama zetu na dada zetu mlio nyuma ya pazia: nisikilizeni. Ijumaa ya leo nataka tuzungumze kuhusu mabishano ya kwenye simu. Sisemi yale ya mpira. Hayo yametushinda sote. Nasema yale ya usiku, jenereta ikishazimwa na bando likiwa bado lina masalio: nani wenyeji wa kwanza wa mji huu, Kushi ya vitabu vya kale ni sisi au si sisi, Uislamu uliingiaje nchi hii, mila za mababu zilikuwa dini au hazikuwa, na kama Mungu yupo mbona dhuluma imejaa.

Maswali yenyewe hayana ubaya. Qur'ani nayo imejaa habari za waliotangulia, na haikuteremshwa ili tuzifumbie macho. Ninachokihofia ni kwamba kila neno tunalolisema juu ya watu waliokufa ni ushahidi, na tunautoa kwa wepesi ambao hakuna kadhi angeukubali hata katika kesi ya mbuzi.

Chukueni mfano huu. Kijana anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Nyinyi Waislamu ndio mliouza babu zetu." Wa kwetu anarukia kabla hajamaliza kusoma: "Muongo wewe, utumwa waliuleta Wazungu." Haipiti robo saa, mmoja kaitwa abidi, yaani mtumwa, mwenzake kaitwa jalaba, yaani mchuuzi wa Kiarabu, na kundi zima linasoma na kucheka. Wote wawili wameapa kwa Mungu, na hakuna aliyesema kweli.

Kweli yenyewe hii hapa. Mwaka 1841 merikebu za Muhammad Ali wa Misri, zikiongozwa na Salim Qabudan, zilifika Gondokoro, ng'ambo ya mto huu huu tunaokunywa maji yake. Baada ya hapo wakaja wafanyabiashara wa Khartoum wakitafuta pembe za ndovu, na pembe zilipoadimika wakageukia binadamu. Wakajenga zariba, yaani maboma yao ya biashara, kila upande. Zubeir Rahma Mansur aliingia Bahr el Ghazal mwaka 1856, akawa tajiri wa kuogopwa, na boma lake likawa mji ambao mpaka leo unaitwa Deim Zubeir. Huyu alikuwa na jina la Kiislamu kama langu na lako. Lakini katika biashara hiyohiyo alikuwemo Andrea Debono wa Malta, alikuwemo Alphonse de Malzac wa Ufaransa, na walikuwemo wenyeji walioonyesha njia na kuwatoa mahasimu wao wachukuliwe. Kwa hiyo anayesema ni Waislamu peke yao amewaficha wengine, na anayesema ni Wazungu peke yao amemficha Zubeir.

Mimi leo sina ugomvi na yule wa kwanza, kwa sababu hayumo msikitini humu. Nina ugomvi na wewe wa pili. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Allah hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Sasa wewe unamlindia nani heshima? Uislamu hauhitaji uongo wako, na Zubeir hakukuteua wakili. Mtu aliyepotelewa na ukoo wake mzima anapokuambia jambo hili lilitokea, jibu la Mwislamu ni kusema: ndiyo, lilitokea, na lilikuwa dhuluma. Kisha unaweza kumweleza unachokijua. Ukianza kwa kukanusha, hatakusikia tena, na ana haki.

Na huyo anayeitwa jalaba, mmewahi kuuliza ni nani? Wengi wenu mna asili ya Kinubi, kwa hiyo mnisaidie. Babu zenu, askari wa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, wengi walikuwa watoto wa nchi hii: Wabari, Wamakaraka, Wadinka na wengineo. Wako waliokamatwa wadogo, wakapewa bunduki, wakapewa dini na lugha. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, wakiwa na kamanda wao Selim Bey, akawachukua kwenda Uganda. Kizazi chao ndicho kilichojenga Bombo, na ndugu zao waliokuwa askari wa Waingereza huko Kenya wakajenga Kibera, Nairobi. Walitekwa, na walipopewa bunduki wakateka wengine. Sasa mjukuu wa mmoja wa askari hao ameketi Konyokonyo akitengeneza simu. Ukimwambia "nyinyi mlituuza," unamshitaki nani? Na yeye akikujibu "sisi Waislamu hatujawahi kumdhulumu mtu," anamsemea babu yupi: yule aliyefungwa kamba au yule aliyeishika?

Hapo ndipo mtu huandika ile methali yetu mashuhuri, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na wenzake humpigia makofi ya vibonzo. Naipenda lugha hii na methali zake, lakini hiyo mimi siipokei. Babake Nabii Ibrahim alikuwa mwabudu masanamu. Mtoto wa Nabii Nuhu alikataa kupanda jahazi akazama. Abu Jahl, adui mkubwa wa Mtume, alimzaa Ikrima, na Ikrima akasilimu baada ya kukombolewa Makka, akapigana vita vya Sham mpaka akafa shahidi. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba wasimtukane Abu Jahl mbele ya mwanawe, kwa kuwa tusi kwa maiti humuumiza aliye hai na halimfikii aliyekufa. Abu Jahl, ndugu zangu! Na katika Suratul Baqara jambo limekaririwa mara mbili, aya ya 134 na ya 141: umma ule umekwisha pita, una ulichokichuma, nanyi mna mlichokichuma, wala hamtaulizwa waliyokuwa wakiyatenda.

Labda mtu atasema, Sheikh, haya ni maneno tu, maneno hayaui. Mnaikumbuka Januari ya mwaka 2025? Tarehe 11 jeshi la Sudan liliukomboa mji wa Wad Madani, na siku zilizofuata zikaja video za watu wa Sudan Kusini wakiuawa katika jimbo la Al Jazira. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 17, hapa Juba maduka ya Wasudani yalivunjwa na kuporwa. Ijumaa hiyo polisi walitangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Baadaye walisema Wasudani 16 wameuawa. Mamia walihamishiwa vituo vya polisi ili wapone. Tanuri nyingi za mikate katika mji huu ni zao. Zilipofungwa, mkate ukaadimika hata kwa wale walioshangilia. Mnamo tarehe 22 mamlaka ya mawasiliano ikaamuru Facebook na TikTok zifungwe, kisha amri ikaondolewa siku chache baadaye.

Tukiisoma Al-Hujurat, aya ya 6, inayotutaka tuhakikishe habari anapotuletea mtu fasiki, tunazoea kuishia hapo: hakikisha kama ni kweli. Lakini mauaji ya Al Jazira yalitokea kweli. Waliolia walilia kwa haki, na serikali yetu ililaani kwa haki. Endeleeni kusoma aya. Imetaja sababu ya kuhakikisha: msije mkawadhuru watu kwa kutojua, kisha mkajuta. Hivyo habari inaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado ukamdhuru asiyehusika. Muuza mkate wa Konyokonyo hakuwepo Wad Madani. Pengine yeye mwenyewe alikimbia vita hivyohivyo vilivyoanza Khartoum Aprili 2023, akaja hapa na ndoo na godoro.

Lakini kwa nini mkono ulimwendea yeye? Mimi naona jibu limo katika yale mazungumzo ya usiku. Kwa miaka tumewazoesha vijana kwamba Zubeir wa mwaka 1856, mkuu wa wilaya wa enzi za Waingereza, serikali ya Khartoum iliyopigana nasi, na mtu wa duka la pembeni ni mtu mmoja. Wengine walisema kwa uchungu wa kweli. Wengine walisema kwa kutafuta "likes". Video ilipofika, mshitakiwa alikuwa amekwisha andaliwa na anwani yake inajulikana. Na sisi tuliokuwa tukijibu matusi kwa matusi, tukijivunia ukoo na Uarabu ambao wengi wetu hatuna hata tone lake, tulichochea kuni upande wetu.

Kuhusu falsafa sitakaa sana. Kijana ametazama video ya dakika kumi, kesho yake anawakosoa wanafalsafa wote na kumtetea Mungu kwa herufi kubwa. Imam Al-Ghazali alipotaka kuwajibu wanafalsafa, alikuwa mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad mwenye wanafunzi 300. Juu ya kazi hiyo alikaa karibu miaka miwili akisoma vitabu vyao faraghani, kisha karibu mwaka mwingine akiyazungusha mawazo yao kichwani. Akaandika kwanza kitabu cha kueleza wanasema nini, na ndipo akaandika cha kuwapinga. Na huyohuyo, katika kitabu chake Ihyaa, ameyataja maradhi ya wapenda mijadala: husuda, kiburi, chuki, kusengenya, kujisifu, kufurahia mwenzako akikwama. Alikuwa bingwa wa mijadala, kwa hiyo aliyajua maradhi hayo kutoka ndani. Isomeni orodha yake mkiwa na simu mkononi.

Sasa turudi kwenye tarehe na hesabu, maana kuna watu humu wanaumia usiku kucha juu ya nani alifika kwanza kwenye ukingo huu wa Nile. Suratul Kahf tunaisoma kila Ijumaa. Aya ya 22 inasimulia mabishano ya historia hasa: watu wa pangoni walikuwa wangapi? Wapo waliosema watatu na wa nne mbwa wao, wapo waliosema watano, wapo waliosema saba. Mtume akaamrishwa aseme Mola wangu ndiye ajuaye idadi yao, asibishane juu yao ila kwa ubishi wa juujuu, wala asimuulize yeyote kati yao. Angalieni adabu hiyo. Kisa kimesimuliwa, mafunzo yametolewa, na hesabu imeachwa hivyohivyo, wala hakuna aliyepungukiwa na dini kwa kutoijua.

Kuna swali ambalo najua mmekwisha liandaa: Sheikh, dini yangu ikitukanwa ninyamaze? Hapana. Jibu mara moja, kwa unachokijua, kwa lugha ambayo mama yako angeweza kuisoma. Kama hujui, sema sijui. Wanavyuoni wakubwa walilitamka neno hilo na vilemba havikuwadondoka. Na nyinyi mnaosimamia makundi, mtu akianza kuandika abidi au jalaba, mtoeni usiku huohuo, hata akiwa shemeji yako. Hasa akiwa shemeji yako.

Kejeli zikizidi, ipo An-Nisaa, aya ya 140: mkisikia aya za Allah zikikanushwa na kufanyiwa mzaha, msikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Wengi tunaikumbuka nusu ya kwanza tu, tunamfungia mtu moja kwa moja na salamu tunakata. Aya imeweka mpaka wa muda. Yule Mkatoliki wa jirani, yule mpwa wako aliyerudi kutoka Kampala akisema haamini chochote, ukimwacha leo usiku usimwache na kesho. Wakihamia bei ya mkaa, au timu yetu ya mpira wa kikapu ilivyoikosa Marekani kwa pointi moja kule London mwaka 2024, rudi ukae nao.