Wimbo kwa Mtoto Mahututi

Chumba cha watoto mahututi kina kelele. Mashine ya kupumulia huvuma, kengele za vifaa vya kupima mapigo ya moyo hulia usiku kucha, na mtoto huguswa na mikono asiyoijua, kila mguso ukija na sindano au mpira. Hofu huupeleka moyo mbio, na dawa za kumlaza zina madhara yake. Wimbo wa kubembeleza hupunguza hofu hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, ukihusisha watoto njiti 272 katika hospitali 11, ulionyesha kuwa wimbo uliochaguliwa na wazazi na kuimbwa pale pale kando ya mtoto hutuliza mapigo ya moyo, na wazazi nao hupungukiwa na wasiwasi.

Kutoka Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda unaopakana na Goma ufukweni mwa Ziwa Kivu, mtoto aliyezidiwa huweza kupewa rufaa hadi Kigali, kilomita zipatazo 150 za milima, mbali na sauti za nyumbani. Kinyarwanda kina kitenzi guhoza. Humaanisha kumbembeleza mtoto anyamaze. Humaanisha pia kumfariji aliyefiwa. Nyimbo za kulaza watoto huitwa ibihozo, kutokana na kitenzi hicho hicho. Mama aliyekaa kando ya mtoto mahututi hajui bado ataihitaji maana ipi, na wimbo wake haumlazimishi kuchagua.

Je, wimbo usioponya una thamani gani? Kitabu cha kwanza cha Samweli kinajibu kwa namna ambayo wasomaji wengi huipita. Daudi anapiga kinubi, mfalme Sauli aliyekuwa akiugua anapata nafuu. Sura mbili baadaye Daudi anapiga tena, na Sauli anamrushia mkuki. Sauli hakuwa amepona, lakini nafuu ya zile saa za mwanzo ilikuwa nafuu kweli, wala kurudi kwa maradhi hakukuifuta.

Katika Uislamu wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala za muziki, na mwanazuoni al-Ghazali aliliandikia suala la kusikiliza muziki kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa, Ihya. Hata hivyo sauti ya binadamu ina nafasi yake tangu mwanzo: kwa desturi, mtoto mchanga huadhiniwa sikioni. Huko Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili, iliyokamilika 1488, ilikuwa na wanamuziki waliowapigia wagonjwa, kama alivyosimulia msafiri Evliya Çelebi katika karne ya 17.

Lililo zito zaidi ni kwamba mtoto mahututi hawezi kusema “basi”. Mtu mzima akichoshwa huomba kimya. Mwenye mpira kooni hana njia hiyo. Kwa hiyo anayeimba hana budi kuusoma mwili: uso ukikunjamana, vidole vikitanuka, oksijeni ikishuka, anyamaze mara moja. Simu iliyoachwa ikiimba kando ya kichwa cha mtoto usiku kucha haisomi chochote, nayo huwa kelele nyingine tu. Anayeimba aimbe polepole, kwa lugha ya nyumbani kwa mtoto, iwe Kinyarwanda au Kiswahili cha Goma, na mkono wake ukae pale mtoto atakapoutambua.