Hao wa Nyuma Uwatoe

Tangazo lilinipata usiku nikiwa kitandani, simu usoni, bando ikikaribia kuisha. Lenzi mpya ya milimita 50 kwa kamera za renjifainda, tundu lake f/1. Niliangalia picha za majaribio karibu saa nzima. Kulikuwa na moja ya mwanamke mkahawani, jicho lake kali kama wembe, na kila kitu nyuma yake kimeyeyuka kuwa mafuta na taa. Niliitaka hiyo lenzi vibaya sana. Sina pesa yake, na sitakuwa nayo leo wala kesho. Ile ya kifahari zaidi katika ukoo huo, Noctilux ya Leica ya f/0.95 iliyotoka 2008, ni zaidi ya shilingi milioni moja, na mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa deni ambalo halifiki hata ushuru wa hicho kioo. Lakini si bei iliyoninyima usingizi. Nilianza kujiuliza wale walioketi nyuma ya huyo mwanamke ni akina nani, na ni nani aliamua wawe mafuta.

Wacha nieleze kidogo kwa wasiopiga picha. Lenzi kama hii huitwa ya kasi. Haikimbii popote, ni vile tundu lake ni pana na linameza mwanga, kwa hivyo unapiga picha gizani bila flashi. f/1 huingiza mwanga mara 64 kuliko f/8. Na 50 huitwa ya kawaida kwa sababu haivuti vitu karibu wala haivisukumi mbali. Inaona dunia karibu na vile wewe unaiona. Ila huo upana unalipiwa. Ukisimama mita moja kutoka kwa mtu na tundu likiwa wazi kabisa, sehemu iliyo kali ni kama sentimita mbili hivi. Kope zinaonekana, masikio yameshaanza kupotea. Muuza mahindi aliye mita tano nyuma ni doa la rangi tu.

Kamera nyingi za siku hizi hukuonyesha kile ambacho lenzi inaona, ukungu na yote. Renjifainda haifanyi hivyo. Unachungulia kidirisha kilicho pembeni, unaona picha mbili za kitu kimoja, moja hafifu, unazungusha lenzi mpaka zilaliane. Nilijifunza kwa Yashica Electro 35 ya mjomba, modeli iliyoanza kuuzwa 1966, na kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba kidirishani hakuna ukungu. Kila mtu yuko wazi: mteja wako, mama wa mboga, konda anayening'inia mlangoni. Unabonyeza, na ni baadaye tu filamu ikioshwa ndipo unagundua umebakisha mmoja. Kwa hivyo mwenye renjifainda hana ile njia ya kutokea ya kusema hakuwaona. Aliwaona wote.

Sasa njoo Nyayo Gardens, hapa Nakuru. Wale watu wa picha pale bustanini wangekucheka na f/1 yako. Mteja aliyetoka mashinani hataki ukungu. Anataka maua yaonekane, majengo ya mji yaonekane, ili nyumbani waamini kweli alifika. Kazi yote ya hiyo picha iko nyuma. Ondoa mahali, umemrudisha kijijini bila nauli.

Nikadhani nimeshapata jibu langu, kwamba ukungu ni ubinafsi wa watu wenye pesa. Halafu nikakumbuka Kaptembwa. Nilienda kumpiga picha dada mmoja aliyehitimu, kwao kwenye ploti, joho limepigwa pasi likanyooka. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Bro, hao wa nyuma uwatoe. Na hizo mabati." Nyuma kulikuwa na kina mama watatu wakifua karibu na mfereji, na mtaro wa maji machafu. Nikafungua lenzi yangu ya bei rahisi hadi mwisho, f/1.8. Picha ilitoka kama ya hoteli. Akafurahi mpaka akaniongezea mia mbili.

Ningemwambia nini, bana? Kwamba ana wajibu wa kuonyesha mtaro? Wageni na kamera zao wamepiga hiyo mitaro miaka yote, hawahitaji msaada wake. Siku yake moja alikuwa na haki ya kuwa uso bila maelezo. Na hao kina mama nao hawakuwa wamekubali kupigwa picha wakiwa na povu mikononi; sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inatambua kwamba sura ya mtu si mali ya kila mpita njia. Labda niliwasitiri. Lakini wacha niseme ukweli: sikufikiria kuwasitiri. Niliwatoa kwa sababu picha ingekuwa tamu zaidi, na sikuwageukia kuwasalimu hata baada ya kumaliza. Hapo ndipo naona kosa, wala si kwenye tundu la lenzi.

Kuna picha ambazo ukungu ungekuwa uongo kabisa. Boniface Mwangi alipiga picha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha akazipeleka barabarani kwa maonyesho ya Picha Mtaani ili wananchi wajitazame. Katika picha za aina hiyo, nyuma ndiyo ushahidi. Kibao cha duka, mawe barabarani, watu waliosimama wakitazama. Yeyusha hayo, utabaki na mtu mmoja analia, na anaweza kuwa analia popote, kwa sababu yoyote, bila aliyemliza.

Sisi nyumbani tuna picha moja ya 2006, ya pale pale bustanini. Mimi na dada yangu mbele ya maua, soksi zimepandishwa hadi magotini, tumekunja uso kwa jua. Nyuma yetu, kushoto, amesimama jirani yetu wa ploti, amebeba mkoba wa mama. Mtu wa picha alikuwa na kamera ya kawaida na jua la saa sita, kwa hivyo yuko mkali kama sisi. Unaona hadi ua la leso yake. Januari 2008 alihama usiku na watoto wake, wakati watu wa lugha yake na watu wa lugha yetu walikuwa wanatafutana na mapanga, na Showground ikijaa wakimbizi wa ndani. Hakurudi. Miaka yote hiyo tumeonyesha wageni ile picha na hakuna aliyewahi kumtaja. Dada yangu aliposkani picha hiyo, alikata upande wa kushoto ili sisi tuwe katikati.

Juzi, baada ya hiyo lenzi kunichanganya kichwa, nikamtolea mama ile ya karatasi. Nikaweka kidole kando ya yule mama, nikamuuliza, huyu aliitwa nani?

Akaishika mbali kidogo, kwa sababu macho yake siku hizi yanataka umbali. Akataja jina mara moja, bila kutafuta, la babake pia.

"Ile sufuria yetu kubwa ni yake," akasema. Kisha akarudi kuchagua maharagwe.