Ujuzi Aliokuja Nao Mwanafunzi: Tafakuri juu ya Visasili vya Kihindu Darasani

Tulipokuwa tukisoma “Kisa cha Punda wa Dobi”, ambacho Edward Steere alikichapa mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Makina, Kibera, aliuliza iwapo papa autakaye moyo wa kima hakupata kuwa mamba. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwani katika Panchatantra ya Kisanskriti mnyama huyo ni mamba hasa. Ibn al-Muqaffa alipoufasiri mkusanyiko huo kwa Kiarabu katika karne ya 8, kutoka Kipahlavi, alikuwa kasa. Katika Kiswahili amekuwa papa.

Baada ya kipindi nilimwuliza aliyajulia wapi hayo. Alinijibu kwamba bibi yake aliwahi kuitumikia familia moja ya Kihindu, na hadithi walizosimuliwa watoto wa nyumba ile alizisikia akiwa jikoni. Miongoni mwazo zilikuwamo habari za Rama, Sita na Hanuman, ambazo mjukuu alikuja kukutana nazo tena katika filamu za Kihindi. Kisha akaniomba nisiyataje hayo mbele ya wenzake. Yeye ni Mwislamu, na Makina ni mtaa wa Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani, ambao msikiti ni sehemu ya utambulisho wao. Alichelea kudhaniwa kuwa anaitukuza miungu mingine.

Hapa ndipo penye swali linalomkabili mwalimu: je, ujuzi aliokuja nao mwanafunzi ni mali ya darasa? Wepesi wa kujibu “ndiyo” unatokana na mazoea yetu. Mwanafunzi Mkristo huisoma Al-Inkishafi wala hatumwulizi kama amesilimu. Basi, tutasema, kujua si kuabudu. Hoja hiyo naikubali, lakini haitoshi. Kwa familia ile Rama si mhusika wa hadithi bali ni Mungu apaswaye kusujudiwa, na neno letu “kisasili”, ambalo wahakiki tumelizoea mno, tayari limekwisha kumwondolea uungu wake. Kijana aliyekataa kulitamka jina hilo kama kipande cha fasihi pengine aliitambua dini ya watu wale kuliko mimi niliyetaka kuichambua.

Isitoshe, kuna suala la bibi. Hakuna aliyemkusudia awe hadhira. Alisikiliza huku akiosha vyombo, akahifadhi, akarithisha. Wala hakuna mkusanyiko wa fasihi simulizi niujuao ambao ungemtambua kuwa fanani wa hadithi hizo.

Katika insha yake kijana aliandika “inasemekana” mahali pa chanzo. Nilimrudishia, nikamtaka aandike ni nani aliyesema. Aliirudisha baada ya wiki moja: bibi ametajwa mara tatu, kima na mamba wamelinganishwa vema na kima na papa, na Rama hayumo. Sikumpunguzia alama.