Rangi Mpya Juu ya Ila ya Kale

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Liko swali ambalo wengi hulidharau kwa kuwa limo katika jambo dogo. Mtu akinunua baiskeli kuukuu, akaitengeneza, kisha akaiuza, haramu yaweza kumwingilia kwa mlango gani?

Mlango wa kwanza ni wa kununua. Mnunuzi mjuzi ameona kuwa fremu ni nzima na ringi hazikupinda. Amepima mnyororo: pingili 24 zatimiza inchi 12 barabara, wala hazikuzidi hata thumuni ya inchi, basi haujalika. Juu ya hayo hukunja uso akasema, "Hiki ni chuma chakavu," mpaka mjane aliyeachiwa baiskeli hiyo akaitoa kwa bei ya kutupa. Akiulizwa, hujibu, "Ameridhia mwenyewe." Lakini ridhaa iliyozaliwa na uwongo ni ridhaa gani? Nabii Shuaib (a.s.), kama ilivyo katika Qur'ani, aliwakataza watu wake kupunja vipimo, na pamoja na hilo akawakataza kuwapunguzia watu vitu vyao. Kukitia ila kitu kizima cha mwenzio ili kishuke bei ni katika hilo la pili.

Mlango wa pili ni wa kuuza. Kubadili gololi, kunyosha ringi, kutia mipira mipya na kupaka rangi, yote hayo ni kazi, na kazi ina ujira wake; fundi asione haya kuutaka. Ama fremu iliyopasuka penye kiungo, ikafunikwa rangi pasi na kulehemiwa, hiyo si kazi, ni uwongo usio na ulimi. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta maji ndani yake, mwenye nafaka alitaja mvua. Hakupewa udhuru, alilaumiwa kwa kutoiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona. Basi asijitetee muuzaji kwa kusema, "Hakuniuliza."

Huenda akasema, "Nikiitaja ila, nitapata hasara." Na ajue kuwa sharia imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye ila ya tangu kwa muuzaji, maadamu hakuijua aliponunua, wala hakukawia wala kuendelea kukitumia alipoijua. Kwa hiyo faida iliyofichwa chini ya rangi bado haijatulia mfukoni. Na uma ukikatika mteremkoni, na mtoto yuko juu ya keria, kitarudishwa nini hapo?

Kwa hiyo kabla ya kupokea fedha, muuzaji na ajiulize: je, angempandisha mwanawe juu ya baiskeli hii? Akisita, na aitaje ila yake, au airudishe kwenye karakana. Bei itapungua, na kilichobaki kitakuwa na baraka.

Wallahu aalam.