Fuata Nyuki Ule Asali

Methali hii tumezoea kuieleza kama shauri la kuandamana na wenye manufaa: kaa na mchapakazi, nawe utapata. Ni sawa, ila maelezo hayo yanakimbilia asali. Mrina asali wa Sikonge au Urambo anajua kwamba anayemfuata nyuki hufika kwanza kwenye mti uliochanua.

Huko Unyamwezini mti huo unapata tabu. Tangu zamani mizinga mingi imetengenezwa kwa magome ya miombo. Gome likibanduliwa kuzunguka shina zima, chakula kinachotoka kwenye majani hakishuki tena mizizini, na mti hufa ukiwa umesimama. Ni miti ileile inayowapa nyuki maua. Mwenye kuibandua hivyo anakula asali yake na ya wajukuu wake. Mabani ya kukaushia tumbaku nayo yanateketeza kuni kutoka misitu hiyohiyo.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikwisha kutuonyesha jambo hili la kukimaliza chanzo cha riziki. Katika karne ya 19 wafanyabiashara walizifuata pembe za ndovu. Ndovu walipopungua Unyamwezini, misafara ikalazimika kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, na huko nako ikawaua ndovu. Lakini miembe iliyopandwa kando ya njia hiyo imewalisha hata watu wasiojua nani aliipanda.

Mabudha wana fundisho lililo ndugu wa methali yetu. Kitabu chao cha Dhammapada kinamfananisha mtawa anayepokea chakula kijijini na nyuki, ambaye huchukua mbochi bila kuliharibu ua. Kwao tamaa ndiyo mzizi wa mateso, basi kuchukua kwa kiasi ni ibada. Nchini Thailand, tangu miaka ya 1980, watawa wamekuwa wakivisha miti kanzu zao za rangi ya zafarani ili mwenye shoka asite. Naliona tendo hilo kuwa tafsiri bora ya neno "fuata" kuliko nyingi tulizofundishwa darasani.

Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki, na mizinga ya mbao inajulikana. Ila mbao hununuliwa, na gome hupatikana kwa shoka na jasho tu. Mrina asiye na fedha hawezi kubeba lawama peke yake. Sisi tunaonunua asali hiyo mijini tunapaswa kuuliza imetoka mzinga gani, na kumlipa zaidi aliyeuacha mti na gome lake.