Uso Ulioungwa kwa Vipande

Picha ya vifaa mchanganyiko haitegemei rangi peke yake. Huchukua karatasi, huchukua kitambaa, huchukua majani makavu. Ndiyo kazi ya fundi cherehani wa Bunyakiri, mashariki mwa Kongo: vipande vya kitenge vilivyobaki sakafuni huungwa, vikawa vazi.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, ameunda wanawake wengi kwa njia hiyo. Hukata picha za majarida, hubandika, huongeza wino. Kipande kimoja hakina sura. Vikikaa pamoja, mwanamke anatazama, tena anatazama kwa nguvu.

Rebecca Masika Katsuva wa Minova, katika eneo lile lile la Kalehe ilimo Bunyakiri, anastahili picha ya namna hii, na anaistahili kuliko wengi. Vita vilimjeruhi. Vita vilimnyang'anya mume. Naye akafungua mlango kwa wanawake na watoto waliojeruhiwa. Akawapokea, akawalisha, akalima pamoja nao, hadi alipofariki mwaka 2016. Uso wake waweza kutoka kwa rangi. Mikono yake inadai udongo wenyewe wa shamba, uliochanganywa na gundi, ukapakwa kwa kidole.